Paa Moja, Milango Sita

Halmashauri yetu haikurupuki. Hilo niliseme mapema, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba nyumba za umma huezekwa upya pale mtu fulani anapoona paa linavuja. Sivyo kabisa. Paa kuvuja ni hatua ya awali mno. Baada ya paa kuvuja huja malalamiko, baada ya malalamiko huja ziara, baada ya ziara huja kikao cha kupanga kikao, na mwishoni kabisa, kama mvua haijaimaliza kazi yenyewe, huja vipaumbele.

Jina la halmashauri sitalitaja. Kuzunguka mlima huu ziko kadhaa, na nina imani kila moja ikisoma haya itadhani nimemsema jirani yake.

Mimi na mama tunaishi kota. Ni nyumba moja ndefu yenye milango sita, iliyojengwa enzi ambazo halmashauri iliwapa wafanyakazi wake mahali pa kulala. Mama alipewa mlango wa nne alipokuwa mfagizi wa soko. Alishastaafu kufagia, lakini kodi tunalipa na tumebaki humo. Milango ni sita, paa ni moja. Bati limelalia bati kuanzia mlango wa kwanza kwa Mama Mwalimu, ambaye ni mwalimu mstaafu na hataki mtu asahau, mpaka mlango wa mwisho, na kutu imepita kote bila kubagua. Kwetu lilivuja juu ya kitanda cha mama. Wala si miguuni. Kifuani, na kifua cha mama ni kibovu tangu enzi za vumbi la soko. Kitanda tulikisogeza hadi ukuta ukakataa. Hospitali walimwambia asilale penye unyevu. Ni ushauri mzuri sana, tuliupokea kwa shukrani na kuupeleka nyumbani ukalowe pamoja nasi.

Kwa hiyo mwaka huo nilikuwa nataka kitu kimoja tu: bati zima juu ya kile kitanda kabla masika hayajaanza.

Sasa nijieleze kidogo, maana nisipojieleza nitakesha nikijiuliza kama nimeeleweka. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Shule niliishia kidato cha nne, matokeo tuyaache yapumzike. Kuchapa na kupanga kurasa nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video za simu, na leo nafanya kazi kwenye steshenari moja Shirimatunda, ambako nachapa barua za watu na kuwasahihishia alama za mkato bila kuwaambia. Siwezi kuziacha. Nikiona mkato umekaa vibaya nahisi kama mtu amevaa shati nje ndani. Basi tuliposikia kwamba wataalamu wa halmashauri watakuja kota kukusanya maoni ya wapangaji kabla ya kupanga bajeti, niliandika hotuba. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Nilibadilisha aina ya herufi, kisha ukubwa wa herufi, kisha nafasi kati ya mistari, wakati hotuba yenyewe ilikuwa ya kusomwa kwa mdomo.

Wageni walikuja wawili wa maana: diwani, na afisa kijana mwenye koti la suti na viatu ambavyo havikuwa vimeambiwa kuhusu tope letu. Walikalia viti vilivyovikwa vitambaa. Sisi tulikalia mabenchi. Wao waliwekewa maji ya chupa, sisi tukawekewa ushirikishwaji.

"Shikamooni wazazi wangu," afisa alianza, na wazee wakaitikia marahaba kwa furaha, maana kijana akianza na shikamoo huku kwetu ameshasamehewa nusu ya atakayoyasema. "Leo hatujaja kuwaamulia. Zamani serikali ilikuwa inakaa ofisini inawaamulia. Siku hizi mnaamua nyie, sisi tunatekeleza."

Tukapiga makofi. Kisha akatueleza tunachopaswa kuamua. Fedha za nyumba zina ukomo, alisema, na mahitaji yaliyofika mbele ya halmashauri yalikuwa mawili. La kwanza ni paa letu. La pili ni uzio na geti la nyumba ya mkubwa mmoja wa idara, ambaye alikuwa anakosa faragha. Afisa alilitamka neno faragha polepole, kama jina la ugonjwa.

Mama Mwalimu alinyoosha mkono. "Mwanangu, sisi mvua inaingia mpaka chumbani bila kupiga hodi. Hiyo siyo faragha?"

Watu walicheka. Diwani naye alicheka, akafungua chupa ya maji.

"Hoja yako nzuri, Mama Mwalimu," afisa akasema. "Ndiyo maana tuna vigezo. Kigezo cha kwanza ni uhitaji. Hatuwezi kumwezekea mtu mwenye nyumba nyingine tukamwacha asiye nayo, siyo haki. Kwa hiyo nauliza hapa hapa, kwa uwazi, sisi sote ni familia moja. Nani kati yenu hana makazi mengine? Yaani ukitoka hapa leo, huna pa kwenda. Anyooshe mkono."

Ningependa kumtetea kijana yule. Kwenye karatasi swali lake ni zuri, hata mimi ningelichapa bila kulirekebisha. Ila sijui ni nani aliyemtuma alilete mguuni mwa mlima huu, mchana, mbele ya majirani na nusu ya kwaya ya usharika.

Huku kwetu mtu haishi mjini. Mjini unalala tu kwa sababu ya kazi, hata kama umelala kwa miaka thelathini. Unapoishi ni kihambani, juu, kwenye shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, alikozikwa babu yako na utakakozikwa wewe. Mkikutana na mtu, kabla hajajua unafanya nini atakuuliza kijiji. Ukichelewa kujibu anapunguza sauti, kama mtu aliyekanyaga kidonda bila kukusudia. Asiye na kihamba si mtu aliyekosa nyumba tu. Ni mtu aliyekosa watu. Kuuliza hadharani nani hana pa kwenda ni sawa na kuwauliza akina mama wa usharika ni nani kati yao haogi, kisha ukategemea kupata takwimu.

Basi kota nzima ikakaa kimya, kimya cha watu wenye mali. Mama Mwalimu alinyoosha shingo na kutazama upande wa mlima, ambao siku hiyo haukuonekana hata kidogo kwa mawingu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake kutoka mbali.

Mkono mmoja tu ulipanda. Ulikuwa wa Baba Mapacha wa mlango wa tatu, jirani yetu wa ukuta mmoja. Huyu alitoka upande wa Kigoma akiwa kijana kuja kukata miwa kwenye mashamba ya chini, sasa yuko ndani ya kiwanda cha sukari, na watoto wake pacha wamezaliwa hapa hapa kota.

"Mimi hapa," akasema. "Ukinitoa leo, mimi na wanangu ni barabarani. Sina hata pa kutundika kofia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Nyuma yangu nikasikia: "Yelewi, maskini. Hata mgomba mmoja hana." Na mwingine: "Ndiyo watu wa mbali hao, mama. Tumwombee."

Na sisi je? Sisi tulikuwa na kihamba Masama, kila mtu kota alilijua hilo. Mama alikuwa akienda huko mara kwa mara na kurudi na mkungu wa ndizi, akiwagawia majirani vichane: kwa Mama Mwalimu za kupika mtori, kwa Baba Mapacha za kuiva kwa ajili ya watoto. "Za nyumbani hizi," alikuwa akisema. Ukweli ni kwamba alikuwa akishuka Bomang'ombe na kuzinunua sokoni, ambako hakuna mtu wa kota anayefanyia manunuzi, kisha anakaa kwa rafiki yake mpaka jua lipoe ili arudi saa inayofanana na safari ya mlimani. Mimi ndiye niliyekuwa nampokea mkungu barabarani. Baba alipofariki nilikuwa mdogo, na wadogo zake hawakumfukuza mama, la hasha, ni watu wa kanisa. Walihamishia tu mbuzi wao jikoni kwake.

Hotuba ilikuwa mapajani, nzuri, imepangika pande zote mbili. Haikuwa na aya hata moja kuhusu mbuzi. Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe, ukafika usawa wa bega, na hapo nikasikia kucha za mama kwenye paja.

"Shusha."

"Mama, kitanda."

"Nimesema shusha. Sisi tuna kwetu."

Nikashusha, nikajifanya nakuna sikio. Afisa alihesabu mikono, jambo ambalo halikumchukua muda, akatushukuru kwa uwazi wetu. Nilipouliza kama naweza kusoma machache niliyoandaa, aliniambia muda hauruhusu ila nimkabidhi nakala. Nilimkabidhi. Aliitumia kufuta tope kwenye kiatu, si yote, ukurasa wa mwisho tu, ambao kwa kweli ulikuwa dhaifu.

Baada ya majuma kadhaa alikuja fundi na mkokoteni wa mabati mapya. Nilikuwa nafua. Niliacha nguo kwenye beseni nikamkimbilia.

"Karibu fundi! Utaanzia upande gani?"

"Mlango wa tatu."

"Halafu?"

"Halafu naenda nyumbani, dada."

Nilimweleza kwamba paa ni moja. Nilimwonyesha kwa mkono jinsi bati la kwetu linavyoingia chini ya la jirani. Akanisikiliza kwa adabu zote.

"Dada yangu, hata mimi naona ni moja. Ila huko juu wanasema wenye shida ni mlango wa tatu. Sasa wewe unataka nibishane na huko juu? Mimi ni mtu wa nyundo tu."

Akapanda. Akang'oa mabati ya Baba Mapacha, na kwa kuwa misumari ya zamani ilikuwa imeshikana na kutu, ya kwetu nayo yakapiga kelele na kupinda pembeni. Jioni halmashauri ilikuwa imetekeleza kipaumbele chake: katikati ya paa lililooza kuna kipande kimoja kinang'aa mpaka unafumba macho. Watu walipita wakisimama barabarani kutazama. Bodaboda mmoja aliniuliza kama tunamtangazia mtu biashara ya mabati.

Mvua za kwanza ziliponyesha, maji yalitiririka vizuri sana kwenye mabati mapya, yakashuka kwa kasi ambayo paa letu halikuwahi kuijua, na kwa kuwa kila kitu duniani lazima kiende mahali, yalikuja kwetu. Zamani lilikuwa tone. Sasa ukawa mfereji. Godoro la mama lililowa mpaka upande wa chini, akahamia kulala kwenye kiti, na kikohozi kikahamia naye.

Baba Mapacha alikuja asubuhi yake akasimama mlangoni, hataki kuingia. Alikuwa na aibu ya mtu aliyepewa zawadi mbele ya wenye njaa.

"Shikamoo mama. Nimesikia kukohoa. Mimi hata sikuomba nipewe peke yangu."

"Marahaba, baba. Siyo kosa lako."

"Mama, kikao cha mrejesho ni wiki ijayo pale kata. Semeni na nyie. Mbona mimi nilisema na sikufa?"

Mama alikamua kitambaa cha kupangusia. "Wewe kwenu ni mbali, baba yangu. Hakuna mtu hapa atapanda basi mpaka Kigoma kwenda kukagua kama una mgomba au huna. Mimi wanaonijua wako hapa juu tu. Jumapili nakaa nao benchi moja."

Baba Mapacha akafikiri. "Basi nyie mna shida kubwa kuliko mimi," akasema, akaondoka kwenda kazini.

Mrejesho ulifanyikia ofisi ya kata. Mama aliamua kwenda, akisema anakwenda kusikiliza tu. Mimi nilikuwa na hotuba mpya, fupi zaidi. Diwani alikuwepo tena, na afisa alikuwa amepata viatu vingine. Afisa alitutangazia mafanikio: ukarabati wa kota umetekelezwa kwa kaya yote yenye uhitaji. Alisema hivyo, kaya yote, nami nikajikuta natikisa kichwa kwa sababu sentensi ilikuwa na hitilafu, na si ya lugha peke yake. Wapangaji waliobaki, aliendelea, wana makazi mbadala kwa mujibu wa maelezo yao wenyewe, hivyo fedha iliyosalia inapendekezwa iende kwenye uzio na geti.

"Kuna swali, au twende kwenye mengineyo?"

Nilikuwa natafuta miwani. Kabla sijaipata mama alikuwa amesimama. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, ambacho alikuwa amekikalia Mama Mwalimu.

"Mimi ni wa mlango wa nne," alisema. "Sina kwetu. Mume wangu alipofariki, kihamba walichukua wadogo zake. Nilikozaliwa yuko kaka yangu na mke wake, na mke wake hanitaki. Ndizi ninazowagawia majirani nanunua Bomang'ombe. Nikitoka hapa sina pa kwenda."

Akakaa.

Mama Mwalimu hakugeuka nyuma. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kabisa. Diwani aliangalia chupa yake ya maji kama vile ina maandishi madogo.

Afisa ndiye aliyejikwamua. "Pole sana mama. Lakini siku ile, mama, ulisema unayo."

"Sikusema. Nilinyamaza."

"Sasa aliyenyamaza sisi tulimhesabu anayo."

"Nimeona," mama akasema. "Mmenihesabia mpaka kitandani."

Kuna mtu alicheka nyuma, akajikuta yuko peke yake, akakohoa. Afisa alinong'onezana na diwani. Walinong'onezana muda mrefu, na lazima niwe mkweli, nilikuwa nimejiandaa kuwachukia, nikashindwa kidogo pale diwani aliposimama bila kutabasamu.

"Mama, tumekusikia. Kumrudisha fundi kwa mlango mmoja tena haitawezekana, mmeona wenyewe kilichotokea. Lakini kikao cha halmashauri hakijakaa bado. Ikiwa wenye hali kama ya mama ni wengi, milango minne, mitano, basi hilo si suala la mlango, ni paa zima, na paa zima linapanda juu ya uzio kwenye vipaumbele. Nitalisemea mwenyewe. Lakini siwezi kuwasemea watu ambao wenyewe wanasema wana vihamba. Wenye hali hiyo waje ofisini kwangu, mmoja mmoja, kabla ya Ijumaa. Mlango nitafunga."

Hapo ndipo halmashauri, kwa gharama ya mabati ya mlango mmoja na kifua cha mama yangu, ilipogundua matumizi ya mlango.

Tulirudi kwa miguu. Watu waliotutangulia waliongea kwa sauti ya chini, na waliotupita walimwambia mama pole. Pole, mama. Pole sana jamani. Mama aliitikia asante kwa kila mmoja, na kila asante ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Nyumbani alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake cha kulalia. "Sasa wataanza kuniletea unga," akasema kwa uchungu mwingi, kama mtu anayesema wataanza kunipiga mawe.

Unga haukuja. Siku ya kwanza hakuja mtu yeyote. Siku ya pili pia. Nilishahesabu milango kichwani: sisi mmoja, na Baba Mapacha ameshaezekewa, hivyo hata hahesabiki. Nilikuwa nimeanza kuandaa barua ya wapangaji wote, ya kusaini kwa pamoja, na nilikuwa nimekwama kwenye salamu, wakati Mama Mwalimu alipobisha hodi kuomba chujio.

Mama alimpa chujio. Mama Mwalimu alilishika, akalitazama, hakuondoka.

"Hivi siku ile," alisema, "ulisema kwa maneno gani?"

"Ulikuwepo, Mwalimu. Mbele yangu kabisa."

"Nilikuwepo ndiyo. Nauliza ulianzaje. Ulianza na 'mheshimiwa', au ulianza tu?"

"Nilianza tu."

Mama Mwalimu akavuta kigoda, akakaa na chujio mapajani. "Kihamba kijana wangu alishakiuza," akasema, akiliambia lile chujio. "Chote. Mpaka kaburi la baba yake liko ndani ya geti la mtu. Nikitaka kupalilia nabisha hodi kwa mlinzi."

"Na wale ng'ombe unaotuambia kila siku?" mama akauliza.

"Ng'ombe gani!"

Mama hakusema pole. Nilimpenda sana kwa hilo. Aliendelea kumenya ndizi, akamsogezea Mama Mwalimu kisu cha pili, lakini Mama Mwalimu alikuwa ameshasimama. Alinyoosha kitenge, akaweka mikono nyuma, mgongo wima kama yuko mbele ya darasa.

"Mimi ni wa mlango wa kwanza," akasema. "Mimi, mheshimiwa, kwa upande wangu, kwa sasa, kulingana na hali ilivyo…"

Nilifungua kinywa. Ilikuwa sentensi mbaya mno, ilikuwa inaomba kusaidiwa. Mama alinitupia jicho moja na kinywa kikajifunga.

"Usizunguke, Mwalimu," akamwambia kwa upole. "Ukizunguka utarudi na chujio."

"Ni gumu hili, jamani."

"Ni gumu. Rudia."

Nje mvua ilikuwa imeanza kurusha matone, bado machache, na tuliyasikia vizuri yakigonga mabati ya jirani kwanza.

"Mimi ni wa mlango wa kwanza. Sina…"

"Endelea," mama akasema. "Ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Na wa mlango wa pili naye ukitoka mpitie, ana chujio langu jingine tangu asubuhi, ameshindwa kulirudisha."